Jukwaa la ngoma lisiyumbe

SWALI: Kijijini kwetu Sikonge, Tabora, tunajenga jukwaa la mbao kwa ajili ya Nane Nane. Wachezaji 30 watapanda kwa pamoja. Fundi anataka mirunda minene, kamati inasema ni gharama bure. Tumsikilize nani? Na mbao ngapi zitatosha?

JIBU: Mirunda ya kipenyo cha inchi 4 hadi 5 inawabeba hao wote. Jukwaa la ngoma huangushwa na kuyumba: watu wakikanyaga kwa mdundo mmoja, sakafu huenda huku na huko, misumari inalegea, nguzo zinalala. Hela ya mirunda minene nunueni mishazari, yaani mbao za kukingama kati ya nguzo na nguzo.

Jengeni futi 24 kwa 12, kimo futi 3. Mbao za futi 12 hazitapotea bure. Nguzo ni 28: mistari minne ya nguzo saba, zikiachana futi 4. Vuteni kamba kona kwa kona, mara mbili kwa msalaba. Kila mara isome futi 26 na inchi 10. Shimo futi 2. Kwenye udongo mweusi wa mbuga chimbeni futi 3 na kushindilia mawe, maana mbuga ikikauka hupasuka na kuiachia nguzo.

Boriti ni mbao 16 za inchi 2 kwa 6, mbili mbili ubavu kwa ubavu, zikikalia kijino kilichochongwa kwenye nguzo. Msumari uzuie boriti isihame, usiibebe! Katika kila mstari ubao mmoja ukatwe futi 4 na 8, ili maungio yapishane na kila kiungo kiangukie juu ya nguzo.

Juu yake mbao 20 za 2 kwa 4 kila inchi 16; mbili zikae pamoja katikati, mbao za sakafu zinapokutania. Sakafu ni mbao 36 za 1 kwa 8, na misumari 720 ya inchi 3.

Sasa mishazari. Pigeni msalaba wa 2 kwa 4 kwenye nafasi ya kwanza na ya mwisho ya kila mstari, kwa urefu na kwa upana, misumari mitatu ya inchi 5 kila ncha. Isipangwe mstari mmoja. Mrunda mkavu utapasuka. Mrunda mbichi nao husinyaa, hivyo gongeni upya asubuhi ya sherehe.

Mkikata miti msituni, kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwanza. Turubai lipate nguzo zake lenyewe: upepo wa Agosti ukilijaza, litavuta jukwaa zima.