Jibu: Asiye mwanasheria anaweza kusaidia kubadili umri wa ndoa?

Dada, umeuliza kama mtu wa kujitolea asiyesomea sheria ana nafasi kwenye hili. Ipo, tena kubwa. Kazi ya mahakamani ilishafanyika: mwanaharakati Rebeca Gyumi alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi huku mvulana akisubiri 18. Mahakama Kuu ikampa ushindi 2016, Mahakama ya Rufani ikaukazia Oktoba 2019. Lakini kuandika kifungu kipya ni kazi ya Bunge.

Hapo ndipo unapoingia. Mfuate mbunge wako akiwa jimboni, si Dodoma ambako kila mtu anamvuta shati. Hotuba ya haki za binadamu iache nyumbani. Nenda na mambo ya kata yenu: wasichana wangapi waliacha shule mwaka jana, mwalimu mkuu anasemaje. (Majina ya watoto usiyataje kamwe.) Muswada ukifika kwenye kamati ya Bunge, wadau huitwa kutoa maoni, kwa hiyo barua yako ya ukurasa mmoja iwe tayari. Mashehe na wachungaji nao usiwakwepe. Mimi niliwakwepa mwanzoni, nikapoteza miezi.