Kuhamisha vitu vyako kwenda akaunti mpya ya Windows

Dada, nimekuelewa: mlikuwa mnatumia akaunti moja ya mumeo kwenye kompyuta ya nyumbani, sasa umefungua yako na unataka mafaili, alamisho (bookmarks) za Chrome na nywila zikufuate.

Mafaili ni kazi nyepesi. Ukiwa kwenye akaunti ya mumeo, nakili vitu vyako uviweke C:\Users\Public, folda inayoonekana na akaunti zote. Kisha ingia kwako, uvinakili tena hadi Documents au Pictures. Nakili, usikate! Faili lililokatwa na kubandikwa ndani ya diski ileile hubeba ruhusa zake za zamani, na Windows inaweza kukukatalia kulifungua. Nakala hupokea ruhusa za folda inapowekwa. Ukimaliza safisha Public, maana hata watoto wanaiona.

Mipangilio ndiyo yenye kichwa kigumu. Usibebe folda nzima ya mtumiaji pamoja na AppData (folda iliyofichwa ya data za programu) na NTUSER.DAT (faili la mipangilio ya akaunti), utaivuruga akaunti mpya. Kwenye Chrome, toa alamisho kama faili la HTML na nywila kama CSV (faili la maandishi ya kawaida), halafu uziingize upande wako. Kunakili folda ya Chrome hakutakuletea nywila, kwa kuwa zimefungwa kwa akaunti ya mwanzo. Hiyo CSV anaweza kuisoma yeyote, kwa hiyo ipitishe kwenye flashi na uifute mara moja.

Picha ya ukutani na rangi panga upya tu. Na kwa mumeo usifute kitu mpaka uhakikishe nakala zako zinafunguka.