Muamala umefeli ndani ya bloku, ukiurudia unapita: tatizo liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Muamala wangu wa kubadilisha tokeni kwenye Uniswap V2, soko la tokeni ndani ya Ethereum, ulifeli na gesi (ada ya muamala) ikaliwa. Nimeurudia kwa eth_call (amri ya kujaribu muamala bila kuutuma) kwenye bloku iliyotangulia, ukapita. Kwenye bloku yenyewe, ukapita tena! Je, nodi yangu ya Geth (programu inayoniunganisha na mtandao wa Ethereum) inanidanganya?

JIBU: Nzuri, ndugu. Nodi haikudanganyi. Ukiipa eth_call namba ya bloku, inapima juu ya hali iliyopo bloku hiyo ikishafungwa. Kwa hiyo umepima kabla ya muamala wa kwanza, kisha baada ya wa mwisho, na wako ulikuwa katikati. Kama risiti inaonyesha transactionIndex 57, jua miamala 57 ilikutangulia, maana hesabu inaanzia sifuri. Mmojawapo ukisogeza bei hadi tokeni utakazopata zikawa chini ya kiwango ulichoweka, wako unafeli. Halafu huenda roboti za kusaka faida zikairudisha bei kabla bloku haijaisha, nawe ukakuta shwari pande zote mbili.

Kuhusu kufeli, risiti haionyeshi zaidi ya status 0x0 na gesi iliyotumika, sababu haimo. Tumia debug_traceTransaction, ambayo hurudia kwanza miamala iliyotangulia ndani ya bloku ndipo iufikie wako. Chagua callTracer, inayoonyesha jinsi mikataba (programu zilizo kwenye mnyororo wa bloku) ilivyoitana. Usipochagua, utamwagiwa kila opkodi (hatua ndogo ya programu) na steki yake (data yake ya muda), na kwa swali lako hayo ni makelele matupu.

Kwenye matokeo, shuka hadi wito wa ndani kabisa wenye error, kwani wa juu mara nyingi hupokezana kosa lilelile. Ila mkataba unaweza kuita mwenzake, wito ukafeli, nao ukaendelea na kazi, kwa hiyo si kila error ina hatia. Kwako natarajia UniswapV2Router: INSUFFICIENT_OUTPUT_AMOUNT kwenye ruta yenyewe (mkataba wa Uniswap unaopokea muamala wako), yaani ulichopata ni pungufu ya kiwango chako, na chini yake STATICCALL (wito wa kusoma tu) ya getReserves iliyofaulu. Hapo ndipo pa kukazia macho: output yake ina vipande vitatu vya baiti 32, viwili vya kwanza vikiwa akiba za tokeni mbili za jozi, yaani mkataba unaozishika tokeni hizo. Ita getReserves hiyohiyo kwa eth_call kwenye bloku iliyotangulia, ulinganishe. Zikitofautiana, kuna aliyeigusa jozi mbele yako.

Kumjua ni nani, endesha debug_traceBlockByNumber (inapima bloku nzima) mara moja, utafute anwani ya jozi kwenye miamala iliyokutangulia. Ukipima mmojammoja, kila safari nodi inaanza bloku upya.

Usichelewe lakini. Nodi ya kawaida hushika hali za bloku 128 za mwisho, na kwa sekunde 12 kila moja hiyo ni kama dakika 25. Baada ya hapo unahitaji nodi ya kumbukumbu kamili. Nyingi za bure hufunga amri za debug, ila cast run ya Foundry (zana za wajenzi wa mikataba) inaweza kurudia muamala kwenye mashine yako, mradi nodi unayoiuliza ina hali ya zamani. Usiweke --quick: inaruka miamala iliyotangulia, na utapata jibu lilelile la eth_call.