Kuhusu Kitanda Ulichoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na tumefurahi kusikia kwamba mkeo anaendelea vizuri. Umeniuliza jambo moja tu: je, mpokee kitanda cha mtoto kilichotumiwa na binamu yako, au mjinyime miezi mitatu hii iliyobaki ili mnunue kipya? Ningeweza kukujibu kwa neno moja, lakini swali lako limenirudisha kwenye kile kigari cha buluu, ambacho mmezoea kunitania nacho bila kujua kisa chake chote.

Dada yako alipokaribia kuzaliwa, niliapa kwamba mtoto wangu wa kwanza hatapanda kigari kilichokwisha kupandwa na mwingine, nikatoa karibu akiba yetu yote. Mama yako hakusema kitu. Alikipapasa mpini, akarudi kukunja nepi za kitambaa alizopewa na shangazi yako, nami nikadhani kunyamaza kwake ni kukubali. Siku ya sita baada ya kujifungua akapandwa na homa usiku wa manane, na homa ya mzazi si jambo la kusubiri kukuche. Nilipopekua mifuko sikukuta hata nauli ya kutufikisha hospitali. Ikanibidi nikamgongee jirani, yule yule niliyekuwa nimemwonyesha kigari kwa majivuno wiki moja kabla. Alinipa fedha bila kuuliza, akaja kutusaidia kumtoa mama yako nje, na akapita kando ya kigari pale mlangoni bila kukitupia jicho. Mama yako alitibiwa akapona, lakini kule kutokitazama kunaniuma mpaka leo. Dada yako naye, kama mjuavyo, hakukubali kulala humo hata robo saa, na kigari kikaishia kubeba nguo za kufua.

Mtoto mchanga hajui bei. Najua mnalimalizia neno hili kabla sijafunga kinywa, lakini nitalisema tena: hajui bei. Anachojua ni joto, maziwa na kukauka. Wiki za mwanzo atanyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na nguo zake zitambana kabla hazijachakaa. Akinyonyeshwa, maziwa ya mama peke yake yatamtosha miezi 6 ya kwanza, na hapo ndipo orodha ya manunuzi uliyoituma pamoja na barua iliponishtua, kwa sababu nimeisoma mara mbili nisione kitu hata kimoja cha mkeo: si pedi, si chakula cha kumrudishia nguvu, si mtu wa kumpokea mtoto ili yeye apate usingizi, wala fedha za dharura zisizoguswa.

Hata hivyo, nisijifanye mwenye busara kuliko nilivyokuwa. Jioni ile nilipokisukuma kigari kitupu kutoka dukani, watu wakinipisha njiani na kunipongeza, nilipata furaha ambayo sijaipata tena kwa kununua kitu, na sijui nina haki gani ya kukunyima wewe jioni kama hiyo. Lakini nikifika hapo namwona jirani akipita mlangoni, basi nanyamaza.

Kitanda chochote mtakachochukua, kikagueni: skrubu zote ziwepo, pengo kati ya fito lisizidi sentimita 6, na godoro liwe gumu na likae bila kuacha nafasi pembeni. Likiwa limebonyea, nunueni godoro tu. Mtoto alazwe chali, bila mto.

Kuhusu kipya au kilichotumika, mama yako, ambaye anasoma nyuma ya bega langu, amenikataza kukuamulia, na nimemwahidi sitakuamulia. Nitakuarifu tu kwamba nimezungumza na binamu yako, kitanda bado anacho, nami nimemwomba asikitoe kwa mtu mwingine mpaka atakaposikia kutoka kwako.

Ni mimi baba yako.