Kabla ya Kutega Mtego, Soma Kwanza Mchanga wa Bandani

Simu ya kijana wa shamba ikiita saa kumi na moja alfajiri, ujue si ya kukujulia hali. "Shikamoo bosi. Njoo tu ujionee mwenyewe." Nikapanda gari la kwanza la Kisarawe, nikamalizia kwa bodaboda, njia nzima nikijidanganya kwamba labda ni kideri, ugonjwa unaofyeka kuku. Hakikuwa kideri. Kuku 14 walikuwa chini, baadhi wameliwa kichwa na kidari, wengine wameng'atwa shingo tu na kuachwa hapohapo. Waliosalia walijibana juu ya fito. Hata jogoo hakuwika asubuhi ile.

Hiyo ilikuwa mwaka 2019. Shamba langu liko upande wa Maneromango, ekari tatu za mikorosho na mihogo, na pembeni kuna kichaka ambacho hakijawahi kufyekwa. Nilianza kufuga kuku wa kienyeji kama wengi tulivyoanza: nimeajiriwa mjini, nina kipande cha ardhi kijijini, nimepiga hesabu kwenye daftari na hesabu ikatoka nzuri mno. Kwenye daftari lile hapakuwa na mstari wa mnyama yeyote wa porini.

Nilipoteza karibu miaka miwili na kuku wengi kwa sababu moja: nilimsaka mnyama kabla sijamjua ni nani. Kijana aliniambia ni fungo, mnyama wa usiku wa vichakani. Majirani wakasema fungo. Huku kwetu Pwani kila kinacholiwa usiku husingiziwa fungo, kama vile homa yoyote huitwa malaria. Basi kijana akatega tanzi za waya kwenye vinjia vya kichakani na mimi nikanyamaza, maana yake niliruhusu. Usiku wa tatu akanaswa fungo kweli, akafa. Tukapongezana. Siku mbili baadaye wakaliwa kuku wengine watano, vilevile kichwa na kidari. Wiki iliyofuata tanzi ikamnasa mbwa wa jirani mguu. Nilimlipa mwenyewe, na maneno aliyonipa niliyapokea nimeinamisha kichwa.

Kilichofuata ni aibu zaidi. Kwenye duka la pembejeo mteja mwenzangu alinishauri nipake sumu ya wadudu kwenye mzoga wa kuku na kuuacha nje. Nilikuwa tayari kununua. Nikamweleza babu mmoja wa Kizaramo ambaye shamba lake linapakana na langu. Hakunikaripia. Aliuliza tu: "Na mbwa wangu? Na hawa watoto wanaookota korosho? Wewe si utakuwa Dar es Salaam?" Sikununua. Tangu hapo nimesoma vya kutosha kuhusu sumu hizi. Anayekula mzoga hufa, na anayekula aliyekufa naye hufa, ndiyo maana tumbusi huangamia kwa makundi sehemu ambazo wafugaji wamewategea simba chambo chenye sumu.

Babu yule ndiye aliyenifundisha kazi ya mchanga. Jioni, kuku wakishaingia, chota mchanga laini wa mtoni (mimi nilichekecha kwa chekeche ya fundi ujenzi), utandaze kuzunguka banda lote kwa upana wa mkono mmoja, ulainishe kwa ubao. Asubuhi, kabla mtu hajapita na kabla kuku hawajafunguliwa, nenda ukausome. Majivu pia yanafaa ila upepo huyachukua. Gharama yake ni uvivu wako tu.

Asubuhi ya kwanza sikuona kitu. Ya pili nikaona nyayo ndogo za mviringo kama za paka, bila alama ya kucha, zimekuja moja kwa moja mpaka ukutani, kisha zikatoweka. Babu akatazama ukuta, akatazama juu, akanyoosha kidole. Kati ya ukuta na bati kulikuwa na uwazi wa vidole vinne ambao fundi aliuacha makusudi ili hewa ipite. "Kanu," akasema. Tawi la mkorosho lilikuwa limelala juu ya bati kama ngazi.

Kanu ni mnyama mwembamba mwenye madoa, mkia mrefu wa pete, uzito wake unazunguka kilo mbili. Anapanda mti na ukuta, na penye upenyo wa kichwa chake mwili wote unafuata. Akiwa bandani na kuku wakaanza kurukaruka, anaua zaidi ya anavyoweza kula. Fungo ni mkubwa zaidi, anaweza kufika kilo 15, na hatembei juu ya mapaa. Nyayo zake zina alama za kucha, karibu na za mbwa. Ana tabia ya kwenda haja sehemu ileile kila siku, na ukikuta choo chake utaona mbegu za matunda na vipande vya jongoo. Yule tuliyemuua alikuwa na choo chake mita mia mbili kutoka bandani, kimejaa jongoo na mbegu. Unyoya hata mmoja sikuuona. Tulimnyonga mla jongoo.

Nyegere humkosei. Akija, umechimbiwa shimo chini ya ukuta au ubao umeng'olewa, na harufu yake inabaki hadi mchana. Kwenye mchanga anaacha vidole vitano na mikwaruzo ya kucha ndefu za mbele, mbali kidogo na kidole. Wa mchana ni wengine kabisa. Vifaranga wakipungua mmoja mmoja saa nne, saa tisa, mshuku mwewe au nguchiro. Mayai yakipotea bila hata ganda, mfikirie kenge, kwa kuwa hulimeza zima. Nguchiro hulivunja, na wale wanaotembea kwa kundi hulibamiza jiwe kwa kulirusha nyuma katikati ya miguu. Chatu humeza kuku mzima, na mara nyingine unamkuta bado yumo, ameshiba kiasi cha kutoweza kutoka alikoingilia. Mbwa wa mtaani hurarua na kutawanya bila kula sana.

Na kama kuku wamepungua sita kamili, hakuna damu, hakuna unyoya, na komeo limerudishwa vizuri, huyo ana miguu miwili. Mchanga utakuonyesha hata namba ya kandambili.

Baada ya kumjua mgeni wangu, kazi ilichukua siku mbili. Nilikata matawi yote yaliyokaribia bati. Uwazi wa juu sikuuziba kwa mbao, kwa sababu kuku wa Pwani bila hewa wanakufa kwa joto kabla kanu hajafika. Niliuziba kwa waya meshi uliochomelewa wa matundu ya nusu inchi. Hapa nisisitize kwa sababu ndipo nilipotupa hela mara ya kwanza: ule waya mwembamba wa matundu ya pembe sita tunaouita waya wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia mnyama mwenye njaa asiingie ni kazi nyingine. Ukikutana na chumvi ya hewa yetu, baada ya misimu miwili ya mvua unakatika kwa mkono. Na usiubane waya kwa misumari iliyopindwa. Weka ubao mwembamba juu ya waya, pigilia misumari kupitia ubao, ili ukivutwa uvutwe wote.

Komeo nalo lina hadithi. Binamu yangu anaishi mashambani huko Pennsylvania, Marekani, naye anafuga kuku. Adui wake anaitwa rakuni, mnyama mwenye uso kama amevaa kitambaa cha jambazi na viganja vinavyoshika vitu kama vya mtoto. Rakuni huyo alikuwa anafungua ndoano ya mlango na kuingia kama mwenye nyumba. Binamu akaweka komeo linalohitaji vitendo viwili, kunyanyua kisha kuvuta. Sisi hatuna rakuni, lakini tuna tumbili wanaokuja kwenye mihogo na kuchungulia kila kitu, kwa hiyo niliiga. Tangu hapo mlango wangu una komeo na pini, na usiku kufuli, kwa ajili ya yule wa kandambili.

Mwaka 2021 akaja nyegere na kunionyesha kwamba nilikuwa nimeangalia juu tu. Alichimba chini ya ukuta wa mabanzi, akatoka akiacha kuku tisa wamekufa. Dawa ya mchimbaji ni hii: chimba mfereji kuzunguka banda wa kina cha sentimita 30, shusha waya meshi mzito kando ya ukuta, kisha ukunje uende nje nusu mita nyingine kama herufi L, fukia, shindilia kokoto. Mnyama huanza kuchimba usoni pa ukuta, anakuta waya, na mara nyingi hafikirii kurudi nyuma nusu mita. Mwenye uwezo amwage zege sakafuni, amalize. Mwenye mizinga ya nyuki aitundike kwa waya ikining'inia mbali na shina, na shina lenyewe avishe bati, kwa sababu nyegere anapanda miti pia.

Taa? Nilijaribu. Mnamkumbuka Richard Turere, yule kijana wa Kimaasai wa Kitengela, Kenya, aliyetengeneza taa za kumetameta kuzunguka boma kufukuza simba. Nikafunga zangu za sola. Kanu alizikwepa kama wiki mbili, kisha nikakuta nyayo zake chini ya taa kabisa. Labda simba ana mashaka zaidi, au ukuta wangu ulikuwa rahisi zaidi. Kanga watatu niliowafuga wamenisaidia kuliko taa, wanapiga kelele hata upepo ukibadilika, ila majirani hawawapendi na sina cha kuwajibu. Siafu wao hawasikii kanga wala taa. Wakiingia usiku wanaua mpaka kuku anayeatamia, kwa hiyo msimu wa mvua namwaga majivu mazito kuzunguka msingi na kijana analala na tochi karibu.

Mambo mawili ya mwisho niliyoyajua kwa kuchelewa. Tanzi zile zilikuwa kosa la jinai. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumtega au kumuua mnyama pori bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani, hata kama ni "kanu tu". Mnyama akishindikana, anza kwa mtendaji wa kijiji, umwone afisa wanyamapori wa halmashauri. La pili ni kichaa cha mbwa. Ukikuta mnyama wa usiku anazubaa mchana na haogopi watu, usimsogelee, usimshike hata akiwa mzoga. Akikung'ata au kukuparua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Wengi wanangoja waone kama wataumwa. Dalili zikishaanza, hapana tiba.

Mwezi uliopita nililala shambani. Kama saa nane usiku kanga walipiga kelele, nikasikia kucha kwenye bati, kukwaruza, kimya, kukwaruza tena upande wa pili. Sikutoka. Asubuhi nikasoma mchanga: alizunguka banda mara tatu, akasimama kwenye mlango, akaondoka kuelekea ghala la korosho, ambako panya ni wengi na hakuna anayewadai. Nikafungua banda, nikahesabu. Walikuwa 43, na jogoo anawika.