Mwali hachezi, anachezwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea anthropolojia, nipo Newala mwezi wa tatu sasa naandika maisha ya Wamakonde. Wenyeji husema, "Mwanangu alichezwa mwaka jana." Msimamizi wangu amelikata neno hilo, akaandika "alicheza unyago", na pembeni akapendekeza "alichezewa". Lipi sahihi?

Jibu: Marahaba. Wenyeji ndio walio sahihi, na nakuomba ulirudishe neno lao leo hii.

Tumezoea kwamba kinachochezwa ni ngoma au mpira. Lakini kusini mwa Tanzania mtu naye huchezwa, yaani hufanyiwa unyago, mafunzo na ngoma za kumwingiza binti utu uzimani. Mama anayebangua korosho barazani atamuuliza mwenzake, "Wako umeshamcheza?" na wote wameelewana. Mwali mwenyewe siku hiyo kainamisha kichwa, kanga imemfunika uso, hasemi na mtu. Wanaocheza ni kungwi, shangazi na majirani. Wao ndio wanaomcheza. Ukiandika "alicheza" umewafuta hao wote, na msomaji ataona binti aliyekwenda ngomani kujifurahisha.

"Alichezewa" ndiyo mbaya zaidi. Binti aliyechezewa ni aliyelaghaiwa akaachwa, na kwa wengine ni aliyerogwa. Herufi moja tu imeongezeka, na tayari umemvunjia heshima mtoto wa watu ndani ya tasnifu. Hilo usilikubali hata kwa kumridhisha msimamizi.

(Kwa mvulana utasikia zaidi "ametiwa jandoni" au "ameingia kumbini".)

Fani yako yenyewe inakutetea. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, alipoishi visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alijifunza lugha ya wenyeji na kuandika maneno yao kama walivyoyasema. Na huko huko uliko, Mjerumani Karl Weule alifika mwaka 1906 na fonografu, akanasa nyimbo kwa sauti za wenyewe. Wewe una daftari na masikio. Usinase neno kisha ukalinyoosha.

Basi andika "alichezwa", na mara ya kwanza eleza kwa sentensi moja kwamba maana yake ni kufanyiwa unyago. Kisha rudi kwa yule mama wa korosho umuulize ni nani mwenye haki ya kumcheza mwanawe, na nani hana. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo kaa naye sana kwenye jibu hilo.