Shimo limejaa tena masika haya

SWALI: Ploti yangu ya futi 50 kwa 100 iko Utawala, udongo ni ule mweusi unaonata. Tuko watu sita. Kila masika choo kinabubujika na maji yanarudi bafuni. Lori la kunyonya likija, nafuu ni ya siku chache tu. Fundi anasema nichimbe shimo la pili la kufyonza. Nimsikilize? (Msomaji, Utawala)

JIBU: Usimsikilize kabla hujapima. Udongo mweusi hufura ukilowa, na zile nyufa za kiangazi hujifunga zote. Shimo ndani yake halifyonzi, linakusanya. Mvua ikikolea, maji ya ardhini huingia shimoni, hupanda bomba la kutokea na kurudi kwenye tangi la septiki, lile linalopokea uchafu wa choo kwanza. Ndiyo maana nafuu haikai: unalipia lori linyonye maji ya mvua.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 50. Kwaruza kuta kwa msumari, maana jembe hulainisha udongo huu ukawa kama umepigwa plasta. Kijaze maji, kilowe usiku kucha. Asubuhi tia maji yafike sentimita 15 kutoka chini, kisha hesabu dakika hadi yashuke sentimita 2.5. Zikizidi 60, shimo la kawaida halitafanya kazi hapo, hata uchimbe matatu. Pima udongo ukiwa umelowa. Kipimo cha Februari hudanganya kwa sababu maji hukimbilia kwenye nyufa.

Wengine hutoboa hadi kwenye murramu. Ukikuta maji yamesimama huko chini, acha: utakuwa unamwaga choo ndani ya maji ya ardhini, na jirani huenda ana kisima.

Kinachofaa ni kupanda juu badala ya kushuka: tuta la mchanga, maji ya tangi yamwagwe juu yake yachujwe yakishuka. Watu sita kwa lita 80 kila mmoja ni lita 480 kwa siku. Mchanga safi hupokea kama lita 40 kwa siku kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kitanda cha kokoto juu ya mchanga kiwe mita 12 za mraba, tuseme upana wa mita 1.2 na urefu wa 10. Lakini udongo wa chini hupokea lita 8 hadi 10 tu, hivyo tuta lote chini litandae mita za mraba 50 hadi 60. Ploti yako inatosha. Ya 40 kwa 60 yenye nyumba ingekuwa taabu.

Fyeka nyasi, tifua juu juu udongo ukiwa mkavu (ukitifua mbichi umeuziba mwenyewe), mwaga sentimita 60 za mchanga wa mto wenye chembe nene na usio na vumbi. Vumbi la kwari ni bei nafuu, nalo ndilo linaloua matuta. Juu yake weka sentimita 15 za kokoto, bomba la inchi moja na nusu lenye matundu ya milimita 6 kila sentimita 75, kitambaa cha kuchuja, kisha udongo wa sentimita 30. Panda nyasi, si miti. Maji yasukumwe na pampu yenye boya kutoka tangi dogo lililo baada ya septiki, lita 120 kila mara.

Kabla ya gharama hiyo, ondoa mfereji wa paa kwenye mfumo. Tia rangi ya chakula ndani ya sistani (kile kitangi cha maji ya kuflashi choo) na usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, valvu inavuja, na uvujaji huo hujaza tangi usiku na mchana. Na mtu asiingie ndani ya tangi hata likiwa tupu. Hewa yake huua, na anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa pia.

SWALI: Tangi langu la plastiki la lita 3,000 limeinuka baada ya kunyonywa. Kwa nini? (Msomaji, Njiru)

JIBU: Limeelea. Likizungukwa na maji, tangi tupu la kiasi hicho husukumwa juu kwa nguvu karibu ya tani tatu. Kagua mabomba, hasa viungo vya kuingilia na kutokea. Ukilirudisha, lifungwe kwa mikanda kwenye zege chini, na lijazwe maji kadiri fundi anavyorudishia udongo pembeni. Kunyonya kusubiri kiangazi. Dharura ikitokea masika, liachwe nusu.